Wifi Yangu na Mashine ya Kung'olea Miti

Wifi yangu watu wote wanamwita Klachi. Jina hilo alipewa na baba yake akiwa na miaka kumi na sita, siku alipounguza klachi ya trekta kwa kupambana na tope mchana kutwa bila kumwita mtu amsaidie. Mzee alinuna wiki nzima, kisha akamfundisha kuibadilisha mwenyewe, boliti kwa boliti, na kuanzia hapo trekta likawa mikononi mwake. Sasa ana miaka arobaini na minane. Ana mikono mipana, sauti nzito, na hasira isiyopiga kelele. Akikasirika anaongea polepole, neno moja moja, kama mtu anayepanga mayai. Sisi tunaomfahamu, tukimsikia anaongea hivyo, kila mmoja hukumbuka kazi aliyoiacha mahali pengine.

Mimi nimeolewa na mdogo wake, kitindamimba wa nyumba ile. Tunaishi kwenye uwanja mmoja, nyumba tatu zinazotazamana na banda la trekta katikati. Nyumba ya kwanza ni ya kaka yao mkubwa, shemeji yangu, aliyekuwa karani wa ofisi ya maji mpaka alipostaafu. Kustaafu hakukumwondolea ofisi mwilini. Anatembea na kalamu mfukoni na daftari kwapani, na mkigombana hata juu ya kuku, anasema tufungue kikao.

Lazima niseme habari ya mguu wa mume wangu kwanza, kwa sababu bila hiyo mtu atadhani tuligombana kwa ajili ya vyuma.

Miaka saba iliyopita wapimaji wa ardhi walikuwa waje shambani, na shemeji alitaka visiki vya mpakani viwe vimeondoka kabla hawajafika. Klachi siku hiyo alikuwa hospitali na mama yao. Shemeji akamwambia mume wangu apande trekta, avute visiki kwa mnyororo. Mume wangu aliufunga mnyororo chini, kwenye ulimi wa kuvutia, mahali pake. Kisiki hakikutoka. Tairi zikateleza. Shemeji, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli yenye gia, akasema, "Ufunge juu, kwenye huo mkono wa jembe. Juu una nguvu zaidi." Mume wangu akasita, kaka akarudia, na mdogo mtu akatii.

Mtu yeyote anayejua trekta anajua kilichofuata. Ukifunga juu, kisiki kikigoma, trekta halina pa kwenda ila kujiinua. Lilisimama pua juu na kuanguka chali. Mume wangu aliruka, ila mguu wa kulia ukabaki chini ya bawa la tairi. Leo mguu ule una vyuma ndani na haukunjiki. Anatembea na gongo, na ngazi tatu za nyumba yetu anazipanda upande upande.

Shemeji aliwaambia watu wote kuwa ilikuwa bahati mbaya. Klachi alimuuliza mara moja tu, siku aliporudi na kulikuta trekta limelala, "Mnyororo ulifungwa wapi?" Shemeji akajibu, "Sikuona vizuri." Klachi aliutazama ule mkono wa juu, akaiona pini yake imepinda, akanyamaza. Mume wangu naye alinyamaza. Mimi aliniambia ukweli wodini, akanishika mkono na kuniomba nisiseme, kwa sababu kaka yake alikuwa amelala sakafuni kando ya kitanda kile kwa siku kumi na nne na alikuwa analia usiku. Nikakubali. Nilikubali vibaya, lakini nilikubali.

Basi, tuje kwenye mashine.

Shamba letu ni ekari thelathini, na ekari kumi na mbili zilikuwa zimeliwa na mti mmoja wa miiba ambao hakuna aliyeupanda. Sisi tunauita mgeni. Ukiukata, shina linatoa machipukizi matano. Ukiuchoma, mwaka unaofuata umerudi mnene kuliko ulivyokuwa. Dawa yake ni moja, kuung'oa na mzizi wake wote. Kwa jembe na sururu, watu wanne wanang'oa kumi kwa siku na kurudi nyumbani na viganja vilivyochanika. Fidia ya nguzo za umeme zilizopita shambani ilipotoka, ndugu wote watatu walikubaliana kununua kifaa cha kufunga kwenye trekta, cha kung'olea miti. Hapo hapakuwa na ugomvi.

Ugomvi ulianzia dukani.

Tulienda watatu kwa pikapu, Klachi akiendesha, shemeji kando yake na daftari, mimi dirishani kwa sababu nilikuwa na ndoo za kununua. Duka lilikuwa na uwanja wa kokoto uliojaa majembe ya trekta, matela na vyuma vilivyopakwa rangi nyekundu na njano. Muuzaji alitoka akiwa amevaa viatu vyenye ncha, akapita mbele ya Klachi, akapita mbele yangu, akampa shemeji mikono miwili.

"Karibu mzee. Karibu kiti."

Kiti kilikuwa kimoja. Shemeji akakaa.

"Mzee, trekta lako lina nguvu farasi ngapi?"

Shemeji akageuka kumtazama dada yake. Klachi akajibu, "Hamsini na tano."

"Vizuri sana mzee," muuzaji akamwambia shemeji. "Hamsini na tano ni trekta la kazi."

Akatupeleka kwenye mashine kubwa kuliko zote. Ilikuwa taya la chuma la kufunga mbele ya trekta, kwenye mikono ya kubebea, lenye meno manne mazito na silinda mbili nene kama paja. Lilikuwa linang'aa. Nilimwona shemeji akilipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe wa maonyesho, na moyo wangu ukasema hapa tumekwisha.

Klachi alichuchumaa. Alitazama vishikio, akapima upana wa pini kwa kidole, akafuata mipira ya mafuta kwa mkono mpaka mwisho wake.

"Hii inataka lita ngapi za mafuta kwa dakika?" akauliza.

Muuzaji akamwambia shemeji, "Mzee, mashine hii inafanya kazi na trekta lolote."

"Sijauliza trekta lolote. Nimeuliza lita."

"Mzee, hayo ni mambo ya kiwandani."

"Na uzito wake?"

Yule kijana akacheka kidogo, kicheko cha kumliwaza mtoto. "Mama, wewe haya mambo ya uzito usijisumbue nayo. Mwachie dereva."

"Dereva ni mimi."

Muuzaji hakumjibu. Alimgeukia shemeji, kana kwamba ni yeye anayeshika cheti cha ukweli. Na shemeji yangu, Mungu amsamehe, akasema, "Ndiyo, huwa anatusaidia kuendesha."

Anatusaidia. Miaka thelathini na miwili mwanamke huyu amelima shamba lile, ametoa maji kisimani kwa pampu ya trekta lile, amebeba mchanga wa nyumba zote tatu, ikiwemo ile anayolala yeye shemeji. Nilimtazama wifi yangu. Shingo yake ilikuwa imesimama mishipa. Lakini bado alikuwa anaongea kwa kasi ya kawaida, kwa hiyo nikajua hatujafika.

Alisogea pembeni akasimama mbele ya kifaa kidogo, chembamba, kilichokuwa kimesukumwa nyuma ya matela. "Na hiki?"

"Hicho ni cha bustani, mzee," muuzaji akasema, bado kwa shemeji. "Watu wa maua. Wewe chukua hili kubwa, na nitakuongezea zawadi." Akaokota koleo la chuma lenye mnyororo mrefu. "Hili ni la visiki vigumu. Linang'ata shina, unafunga nyuma, hapa juu, unavuta. Juu pana nguvu zaidi."

Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mkono wa jembe wa trekta la maonyesho.

Klachi hakumtazama muuzaji. Alimtazama kaka yake.

"Nani," akasema polepole, "aliyemfundisha. Huyu kijana. Kufunga. Hapo."

Shemeji akafungua daftari lake na kuanza kutafuta ukurasa ambao sidhani ulikuwepo.

"Kaka, nazungumza na wewe."

"Dada, tusichanganye mambo," akasema. "Tumekuja kununua mashine. Wewe ni dereva, maoni yako tumeyasikia. Uamuzi ni wa familia."

"Familia ni nani?"

Shemeji akasafisha koo. Klachi akasubiri. Alisubiri kiasi kwamba hata muuzaji aliweka lile koleo chini. Wifi yangu akageuka, akatembea juu ya kokoto mpaka kwenye pikapu, akawasha. Nilikimbia na ndoo zangu, nilizokuwa nimeshanunua kibanda cha jirani. Nilidhani tutamsubiri shemeji getini. Hatukumsubiri. Kilomita ishirini na mbili hakusema neno, isipokuwa tulipofika nyumbani alizima gari na kusema, "Wifi, ndoo moja umeiangusha njiani. Samahani, niliiona, sikusimama."

Shemeji alirudi jioni kwa pikipiki ya kukodi, kichwa kizima kimejaa vumbi. Siku ya tatu lori likaingia uwanjani na lile taya kubwa.

Klachi alikuwa kwenye banda anasafisha chujio. Alitoka na mikono yake ya grisi, akalitazama likishushwa kwa winchi, akarudi ndani. Shemeji akamfuata mlangoni.

"Uje ulifunge tulijaribu."

"Silifungi."

"Limeshakuja."

"Limeletwa. Na aliyelileta alifunge."

"Utaligomea trekta la baba?"

"Trekta siligomei. Nagoma kulibebesha kitu kitakachonyanyua tairi zake za nyuma nikiwa juu yake. Ile mikono ya mbele inabeba kilo mia saba. Lile taya umelipima? Ongeza mti. Ongeza udongo kwenye mizizi. Nimemaliza."

Alikuwa amerudi kwenye polepole yake. Shemeji akajibu kwamba atafungua kikao. Klachi akamwambia afungue na dirisha pia.

Wiki hiyo palikuwa hapakaliki. Taya lilikaa katikati ya uwanja, kuku wakalala ndani yake. Wifi yangu alilizunguka kila asubuhi kwenda bandani, na kila akilizunguka nilimwona taya lake mwenyewe limekaza. Mume wangu alikaa kibarazani na gongo lake, kimya. Nilikuwa namkasirikia kwa ukimya ule kuliko nilivyomkasirikia kaka yake. Nilimpakulia chakula bila kumtazama. Alijua sababu.

Jumamosi shemeji akaja na mwanamume wa makamo mwenye ndevu, dereva wa mitambo ya barabara. Alikuwa amemwomba aje aendeshe yeye, kwa kuwa dada amegoma. Akamtambulisha kwa sauti ya kusikika mpaka bandani. Sote tukatoka.

Yule dereva alikuwa mtu muungwana. Alitusalimia wote, akalizunguka taya, akalizunguka trekta, akauliza pampu inatoa kiasi gani, akagonga mikono ya mbele kwa ufunguo. Kisha akajipangusa mikono.

"Mzee, hili haliwezekani hapa," akasema. "Taya lenyewe linakaribia kilo mia sita. Mikono hii inabeba mia saba. Ukishika mti wenye udongo, nyuma itanyanyuka. Na mafuta hayatatosha kulifunga kwa nguvu. Mtu atapinduka hapa."

Shemeji alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Aa. Aa, nimekuelewa." Akatoa kalamu. Akaandika. "Kilo mia sita. Nyuma itanyanyuka. Ahsante sana kwa ushauri wa kitaalamu."

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi wifi yangu alivyokuwa wakati ule. Alipangusa viganja vyake kwenye suruali mara mbili, akasogea mpaka akasimama mbele ya kaka yake, kalamu ikiwa bado juu ya karatasi.

"Soma," akamwambia.

"Nisome nini?"

"Ulichoandika. Soma."

Shemeji akasoma, sauti chini. Klachi akamwuliza, "Mara ya kwanza ulisikia wapi maneno hayo?"

"Dada, mbele ya mgeni..."

"Mgeni amesema ukweli kwa dakika tano ukaandika. Mimi nimeusema wiki nzima. Nimeusema dukani nimesimama, wewe umekaa. Ni maneno yale yale, kaka. Kilichozidi ni ndevu."

Dereva wa barabara akatazama chini. Shemeji akafunga daftari na kusema maneno ambayo nadhani anayajutia mpaka leo. Alisema, "Mimi ndiye ninayebeba jukumu la watu wa nyumba hii. Kukitokea jambo, nitaulizwa mimi."

Hapo ndipo gongo la mume wangu liligonga sakafu ya kibaraza. Alikuwa amesimama.

"Lilitokea, kaka," akasema. "Na hukuulizwa."

Alishuka ngazi zile tatu upande upande, kila moja ikichukua muda wake, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyeweza kusogea.

"Mnyororo niliufunga chini," akaendelea. "Nilikuwa sahihi. Ukaniambia juu. Nikakwambia Klachi huwa hafungi juu. Ukasema Klachi hayupo, wapimaji wanakuja. Nikafunga juu. Miaka saba nimesikia watu wakinipa pole kwa bahati mbaya. Mimi sina bahati mbaya. Nina kaka."

Shemeji alikaa juu ya lile taya, palepale kwenye mavi ya kuku, na suruali yake ya kijivu.

"Nilikuwa na haraka," akasema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Nilidhani juu... Nilidhani ni nguvu zaidi."

"Ulidhani," Klachi akasema. Kisha akanigeukia mimi, na sikuwa nimejiandaa. "Wifi. Wewe ulijua?"

Ningeweza kusema mume wangu aliniomba. Nilisema, "Nilijua."

Aliingia bandani na kufunga mlango wa mabati. Siku tatu hakunisemesha. Nikimsalimia anaitikia kama anavyoitikia mpita njia. Iliniuma kuliko kutukanwa, na sikuwa na pa kulalamikia, maana alikuwa na haki. Miaka saba alikuwa ameikagua pini iliyopinda kichwani mwake akijiuliza kama ni yeye aliyeiacha imelegea. Hilo aliniambia baadaye. Alikuwa anajilaumu, na mimi nilikuwa na jibu lake nyumba ya pili, nikipika.

Siku ya nne alikuja jikoni kwangu asubuhi, akasimama mlangoni. "Nipe ndoo ya lita kumi. Na mumeo aje na saa yake."

Nikampa ndoo. Nilimfuata bila kuambiwa.

Alifungua mpira wa mafuta kwenye mikono ya mbele, akaingiza mdomo wake kwenye ndoo, akaniambia niushike kwa mikono miwili na nisiuachie hata ukiruka. Aliwasha trekta, akapandisha mwendo wa injini. Mume wangu akahesabu kwa saa. Mafuta yaliruka yakanilowesha mpaka kiwiko. Ndoo ilijaa kwa sekunde kumi na saba.

"Lita thelathini na tano kwa dakika," Klachi akasema, akiandika kwa chaki ukutani mwa banda. Chini yake akaandika kilo mia saba. Halafu akanitupia kitambaa nijifute. "Bado nimekukasirikia."

"Najua, wifi."

"Sitaki udhani yameisha kwa sababu umeshika mpira."

"Sidhani."

Siku hiyo hiyo walikwenda dukani, yeye na mume wangu, na mimi nyuma na lile koleo la mnyororo lililoletwa pamoja na taya kama zawadi. Shemeji hakuitwa. Yule muuzaji alipowaona alimfuata mume wangu na mikono miwili. Mume wangu akampita, gongo likikwaruza kokoto. Klachi alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti kimoja, akakaa, akakunja nne.

"Umeuza taya la kilo mia sita kwa trekta linalobeba mia saba," akamwambia. "Nilikuuliza uzito ukanicheka. Lori lako lije leo lilichukue. Na hili koleo, uondoe mkono wako kwenye ule mkono wa jembe kila unapolionyesha. Mtazame huyu mguu. Mtazame vizuri. Hapo ndipo ulipokuwa unamwonyesha kaka yangu afunge."

Kijana alitazama mguu. Akaanza kusema kwamba hakujua, kwamba aliambiwa hivyo na waliomtangulia.

"Sasa unajua. Nionyeshe kile cha watu wa maua."

Kilikuwa na kilo mia moja na themanini. Kilitaka lita thelathini za mafuta. Lakini Klachi hakukubali kwa kusikia. Alitaka kijaribiwe kwetu, kwenye miti yetu, na kingine cha ukubwa wa kati kijaribiwe pia, na muuzaji awepo. Jioni ile lori lilichukua taya, na kesho yake likaleta vyote viwili, na kijana alishuka na viatu vyake vya ncha kwenye tope la ekari zetu kumi na mbili.

Kile cha kati kilishindwa. Kilikuwa na taya pana lililoshika shina kwa juu, mti ukavunjika kama muwa, na mzizi ukabaki chini ukitucheka. Muuzaji akasema mti ulikuwa mkavu. Klachi akavunja wa pili, mbichi, kisha akazima na kumwuliza kama huo nao ni mkavu. Alikuwa anamwadhibu, nadhani, na sikumhurumia yule kijana.

Kile chembamba kilikuwa na ulimi kama sepetu wenye meno pembeni, na taya moja juu yake. Wifi yangu alikisogeza chini ya shina, akauchomeka ulimi ardhini kwa mshazari, akasukuma taratibu mpaka mizizi ya upande mmoja ikaanza kulia. Ndipo akafunga taya, chini kabisa, shingoni mwa mti, akarudi nyuma kidogo huku akiinua. Ardhi ilivimba. Mti ukatoka mzima, na mzizi wa katikati mrefu kuliko mimi, mwekundu, ukining'inia na udongo. Aliushikilia hewani, akageuza kichwa kutazama tairi za nyuma. Zilikuwa zimekaa chini.

"Hiki," akasema.

Nilitaka kupiga vigelegele, lakini uso wake haukuruhusu. Aliutupa mti pembeni akafuata mwingine. Aling'oa mpaka saa kumi jioni bila kushuka kula. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti mwisho wa shamba akihesabu, na mwishowe aliniambia ni hamsini na mbili. Nilimpelekea wifi yangu maji. Alikunywa akiwa juu, akanirudishia kikombe, na hakusema ahsante, lakini alisema, "Kesho nifungie chakula, sitarudi mchana." Nikajua mlango umefunguka kidogo.

Shemeji alikaa ndani karibu wiki. Siku alipotoka alikuja shambani bila daftari. Alisimama karibu sana na trekta, kama kawaida yake. Klachi akazima.

"Rudi nyuma hatua ishirini. Mti unaweza kuzunguka."

Shemeji akarudi nyuma. Alihesabu hatua kwa sauti. Nilimsikia akifika ishirini. Halafu akaanza kukokota miti iliyong'olewa na kuipanga lundo, mtu wa miaka sitini na tatu aliyezoea kalamu, miiba ikimchana mikono ya shati. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemzuia. Sijui alisemezana nini na mume wangu. Najua walikaa kibarazani kwetu jioni mbili mfululizo, na ya pili nilimkuta shemeji ameinamisha kichwa, na mume wangu akiupiga piga ule mguu kwa kiganja akiongea. Sikwenda kusikiliza. Hasira ya mume wangu ni mali yake, na ndiyo kwanza alikuwa anaitumia.

Ya wifi yangu haikuisha, wala mimi sitasema iliisha. Mwezi wa pili wa kazi ile, jirani wa mpakani alikuja kutazama. Ekari nane zilikuwa tayari uwanja mtupu. Shemeji akampokea na kuanza kumwelezea, mikono nyuma.

"Tulitafiti sana," nikamsikia akisema. "Wengi wanakimbilia mashine kubwa. Sisi tukachagua hii, kutokana na uzito na mafuta."

Trekta likazimika. Klachi aliteremka. Alitembea juu ya mashimo ya miti mpaka walipo, akamsalimia jirani vizuri, akamgeukia kaka yake.

"Sisi nani?"

Shemeji alitazama viatu vyake. Jirani akanitazama mimi. Mimi nikatazama lundo la miti. Niliogopa kwamba tutarudi pale pale.

"Dada yangu ndiye aliyechagua," shemeji akasema. "Mimi nilichagua nyingine. Ingemuua."

Klachi alisimama kama anayengoja kuona kama kuna kilichobaki. Hakikuwepo.

"Haya," akasema. Akamwambia jirani kwamba akitaka mashine kwake, aje aongee na yeye, aonyeshe miti kwanza, na siku ya kazi asiwepo mtu ndani ya hatua ishirini. Jirani akakubali yote haraka haraka, akisema shikamoo ingawa ni yeye mkubwa. Wifi yangu akapanda, akawasha, akauchomeka ulimi chini ya mti mwingine.